Uzito kwa wanawake vijana: sahani, vidonge na mazoezi

Bukavu, Goma ao Uvira, mwanamuke akinenepa watu wanasema maisha inamuendea muzuri. Lakini mafuta yanayokusanyika tumboni yanazuia kazi ya insulini, ile inayoingiza sukari ya damu ndani ya mwili. Kwa miaka mingi mutu anaweza kukosa kusikia kitu, na wengine wanajua wana ugonjwa wa sukari wakati macho ao figo zimekwisha kuharibika. Kwa mwanamuke kijana, uzito unaweza pia kuvuruga hedhi, kuchelewesha mimba na kupandisha tansiyo akiwa na mimba.

Vipimo

Utepe wa fundi wa nguo unatosha kuanza. Kiuno cha sentimeta 80 ao zaidi ni onyo kwa mwanamuke. Ndipo inafaa kwenda kituo cha afya kupima tansiyo na sukari kabla ya kula asubui. Sukari ya 126 mg/dl ao zaidi, ikionekana mara mbili, ni ugonjwa.

Sahani

Bugali si adui, kipimo ndicho shida. Nusu ya sahani iwe mboga kama lengalenga. Robo maharagi, sambaza ao ndagala. Robo inayobaki bugali, muchele ao ndizi. Mawese yapimwe na kijiko. Chupa moja ya sukre ya sentilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, wakati OMS inaona ni vizuri kutopita gramu 25 kwa siku.

Vidonge na chai

Chai nyingi za "kukausha tumbo" zina sena, dawa ya kuharisha. Kilo zinazopotea ni maji, na zinarudi. Hakuna vitamini inayochoma mafuta. Asidi foliki, mikrogramu 400 kwa siku, ni ya mwanamuke anayetaka mimba: inalinda uti wa mgongo wa mutoto, haipunguze uzito.

Wengine wanameza deksametazoni ili wanenepe. Dawa hiyo inapandisha sukari na tansiyo. Aliyeitumia kwa muda mrefu asiiache kwa gafula, aone kwanza munganga.

Mazoezi

Dakika 30, siku 5 kwa juma, zinatosha kuanza. Mwendo uwe wa haraka: mutu aweze kuongea, lakini asiweze kuimba. Kulima na kuchota maji vinahesabiwa. Mahali usalama ni kidogo, kucheza muziki ndani ya nyumba ao kuchuchumaa na kusimama mara nyingi kunasaidia.

Katika utafiti wa Marekani uliotangazwa 2002, watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilianza kupanda walifuatiliwa. Waliobadilisha chakula na kufanya mazoezi dakika 150 kwa juma walipunguza hatari ya ugonjwa kwa 58%. Waliomeza metformini, kwa 31%. Lengo lao lilikuwa kupoteza 7% tu ya uzito: kwa mutu wa kilo 85, ni kilo 6 hivi.

Mwenye mimba ao anayenyonyesha asijinyime chakula bila munganga. Anayesikia kiu kila saa na kukojoa sana asingoje: aende kupima.