Moshi Nyuma ya Stoo

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo niliufundisha darasani kwa miaka mingi, nami niliuamini. Nilikuwa sijajua kwamba ipo mali ambayo daftari lenyewe huipoteza, na habari zake zikabaki zimeandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa.

Mwaka 2013 nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya msingi kusini mwa Sumbawanga, na stoo ilikuwa mikononi mwangu. Humo mlikuwa na madawati 27 yaliyovunjika, mipira iliyopasuka, na magunia mawili ya jezi. Jezi zile zilivaliwa na timu ya wilaya iliyokuwa ikiweka kambi shuleni kwetu wakati wa UMITASHUMTA. Kifuani ziliandikwa Sumbawanga Vijijini. Lakini mwaka 2012 wilaya ilikuwa imegawanywa, nasi tukajikuta Kalambo. Mwaka huohuo Mpanda nayo ilitoka Rukwa, ikawa Katavi. Timu mpya ilipata jezi mpya. Zile za zamani hazikuchanika. Zilipitwa na ramani tu.

Nikaagizwa niorodheshe vifaa chakavu ili viombewe kibali cha kufutwa kwenye leja. Orodha ilikuwa na safu ya maoni. Ningeweza kuandika: hili linafaa kutengenezwa, hii inafaa kuvaliwa. Badala yake nilivuta mstari mmoja kutoka juu hadi chini, nikaandika neno moja: havifai. Niliogopa. Nikigawa jezi, watasema mwalimu ameuza. Nikitoa mbao, watasema mwalimu anatengeneza kitanda. Nilijikinga mimi, sikuikinga mali. Kibali kilirudi kikilifuata neno langu: viteketezwe kwa moto.

Tuliviteketeza nyuma ya stoo asubuhi moja ya Julai. Anayeujua uwanda wa Ufipa anajua Julai yake. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa mwezi huo hupenya mpaka mifupani. Watoto walisimama wakitazama, wengine wamejikunyata ndani ya shati moja la shule. Mzee aliyekuwa mlinzi wetu alisogea, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, nguo hizi zina ugonjwa?" Sikuwa na jibu.

Msomaji asidhani kwamba naulaumu utaratibu. Una sababu zake, na sababu hizo ni historia yetu. Mwaka 1967 lilikuja Azimio la Arusha, na baada yake Elimu ya Kujitegemea. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo mwaka 1977. Madarasa ya kuwapokea watoto hao yalijengwa kwa jasho la wazazi, waliofyatua matofali, wakabeba mawe, wakachota maji. Ufipa ni nchi ya nyasi, miti ya mbao si mingi, hivyo hata dawati moja lilikuwa na gharama yake. Mtu aliyeuza dawati kwa siri aliwaibia watu wenye majina na nyuso. Leja iliwekwa ili jasho hilo lisipotee. Kosa langu ni kuitunza leja na kulisahau jasho.

Adhabu haikuchelewa. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango hadi kidato cha nne, na Januari 2016 watoto wakamiminika. Serikali ikaagiza upungufu wa madawati uishe ifikapo Juni 30 mwaka huo, na nchi nzima ikahangaika kutafuta mbao. Mimi nilikuwa na darasa la kwanza limeketi sakafuni. Kila nilipowaona niliyakumbuka yale 27. Mengi yalikuwa yamevunjika mguu mmoja tu.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba somo hilo lilikuwa shambani, mbele ya macho yangu. Mkulima wa Kifipa hachomi nyasi zake zote. Huzifukia ndani ya tuta la mviringo liitwalo ntumba. Nyasi huoza humo, na msimu unaofuata tuta hutawanywa, likawa rutuba ya ulezi au mahindi. Kwake, kitu kilichokwisha kazi yake ya kwanza hakijakwisha. Hupangiwa kazi ya pili, kwa wakati wake.

Tangu hapo nilipoorodhesha vifaa nilitenga mafungu matatu: vya kutengenezwa, vya kugawiwa, na vya kutupwa kweli. Fungu la pili nililipeleka kwanza mbele ya kamati ya shule, nikaomba liandikwe katika muhtasari nani anapewa nini, kisha likaombewa kibali kama mengine. Hakuna aliyesema nimeuza. Kumbe daftari lilikuwa na nafasi ya kutosha kuandika huruma pia. Mwandishi ndiye aliyekuwa mvivu.

Hata leo, mtu akiniambia kwamba kitu fulani hakifai, humwuliza kwanza: hakifai kwa nani?