Keshia Hawezi Kulala Bila Kubalansi

Mama aliajiriwa benki mwaka 1969, akiwa ametoka kidato cha nne. Wazee wa Moshi mjini bado waliliita tawi lile kwa jina lake la Kizungu, ingawa benki zilitaifishwa Februari 6, 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa. Kibao cha mlangoni kilisema Benki ya Taifa ya Biashara, yaani NBC. Wateja wao walisema walichozoea.

Alianzia kwenye leja, yale madaftari makubwa ambayo msichana mwembamba huyabeba kwa kukumbatia. Baadaye akakaa kaunta, na hapo ndipo mikono yake ilipopata umaarufu. Miaka ya sabini noti kubwa kuliko zote ilikuwa ya shilingi 100. Chama cha msingi cha ushirika kikija kuchukua shilingi milioni moja ya malipo ya kahawa, hizo ni noti 10,000, zote za kuhesabu kwa vidole. Kidole kililoweshwa kwenye sponji, noti zikageuzwa zitazame upande mmoja, na kila zikitimia 100 zikafungwa kwa ukanda wa karatasi. Juu ya ukanda keshia aliweka saini yake. Bunda likipungua noti moja, hata kama limefunguliwa wilaya nyingine, aliyelifunga anajulikana.

Mchana milango ilipofungwa, kazi ndiyo kwanza ilianza: kubalansi. Senti 50 ikipotea kwenye vitabu, haondoki mtu. Baba, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akimsubiri nje na baiskeli, akisahihisha madaftari ya wanafunzi kwenye kivuli. Walimcheka sana: mwanamume mzima anamngojea mke! Kwa hesabu ya Baba, mshahara wa mkewe ulikuwa mkubwa kuliko wake, na maharage hayaivi kwa kumngojea mama mwenye nyumba. Basi akawa anayabandika mwenyewe alfajiri. Sijui ndoa nyingine ya mtaa wetu iliyojengwa juu ya maharage kiasi kile.

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na msimu wa kahawa ukabadilika sura pale kaunta. Noti ya 1,000 ilipokuja, vidole vikapumzika kidogo. Mama alistaafu mwaka 1996. Mwaka uliofuata benki iligawanywa, ikazaliwa NMB, na mwaka 2000 ABSA ya Afrika Kusini ikanunua hisa nyingi za NBC. Alisikiliza habari hizo redioni huku akichambua mchele.

Siku tuliyomzika, wanawake watano aliofanya nao kazi waliomba kapu la rambirambi. Vijana wa kamati walikwisha kulihesabu na kuandika jumla. Akina mama wakazimwaga noti mkekani, wakazigeuza zitazame upande mmoja, wawili wakahesabu, wawili wakarudia. Zilizidi daftari kwa shilingi 2,000. Shangazi akasema zimezidi, hazijapungua, ya nini kujisumbua? Hawakumjibu. Chai ilipoa, giza likaingia, Baba akaleta taa. Saa mbili kasoro usiku walimpata jirani aliyetoa bila kuandikwa. Jina lake likaingizwa, wote watano wakatia saini chini ya ukurasa, ndipo wakaaga.