Kadi ya mwaliko wa harusi ya Kisikh

Kadi ya mwaliko wa harusi ya Kisikh ni kadi ambayo familia za Wasikh hutuma kwa jamaa na marafiki ili kuwaalika kwenye Anand Karaj, yaani ibada ya ndoa ya dini hiyo, pamoja na sherehe zinazoitangulia na kuifuata. Wasikh, ambao Afrika ya Mashariki huitwa pia Makalasinga au Masingasinga, wana asili yao Punjab, eneo lililogawanywa mwaka 1947 kati ya India na Pakistan. Kwa sura kadi zao hufanana na za Wapunjabi wengine: karatasi nzito, rangi nyekundu, ya zambarau au ya machungwa, na maandishi ya dhahabu. Dini haina sharti lolote kuhusu rangi. Kinachowachukua watu muda kuamua ni maneno na alama zitakazochapwa.

Kabla ya kadi

Zamani vijijini Punjab mwaliko haukuwa kadi. Familia ya bibi harusi iliandika barua ya kutaja siku ya ndoa, iitwayo saha chitthi, ikaitia alama ya zafarani au manjano na kuipeleka kwa familia ya bwana harusi. Mjumbe alikuwa nai, kinyozi wa kijiji, ambaye kazi yake ilijumuisha kupeleka habari za ndoa na misiba. Baadhi ya familia huendeleza desturi hiyo hata sasa, ingawa wageni wengine wote hupata kadi iliyochapwa. Mara nyingi kadi hupelekwa kwa mkono pamoja na boksi la mithai, na familia nyingi huiweka kadi ya kwanza gurdwara, mbele ya Guru Granth Sahib, kabla ya kugawa nyingine.

Alama na aya takatifu

Alama inayoonekana zaidi ni Ik Onkar, maneno ya kwanza ya Guru Granth Sahib, yenye maana ya kwamba Mungu ni mmoja. Nyingine ni Khanda, nembo ya Wasikh yenye upanga wa makali mawili katikati. Wapo wanaoongeza mstari kutoka Laavan, beti nne za Guru Ram Das, Guru wa nne, ambazo husomwa na kuimbwa wakati maharusi wanapoizunguka Guru Granth Sahib mara nne.

Hapa ndipo penye ugumu. Kwa Wasikh Guru Granth Sahib ni Guru aliye hai. Nakala iliyochakaa haitupwi. Huchomwa kwa ibada na heshima. Kadi ya harusi lakini hukaa mezani wiki chache, kisha huishia kwenye pipa la taka. Kwa sababu hiyo waumini wengi hushauri kutochapa aya za kitabu hicho kwenye kadi, na wengine huacha hata Ik Onkar. Anayeitaka alama hiyo afadhali aiweke ndani ya kadi kuliko kwenye bahasha, maana bahasha ndiyo hutupwa kwanza. Pambo lisiloleta shida ni phulkari, nakshi ya maua inayofumwa kwa nyuzi za hariri kwenye shela za wanawake wa Punjab.

Jambo lingine la kuangalia ni mifano ya kadi iliyo tayari kwa wachapaji. Mingi imetengenezwa kwa ajili ya harusi za Kihindu na huwa na picha ya Ganesha juu kabisa. Usikh haukubali ibada ya sanamu, hivyo picha hiyo huondolewa.

Majina

Majina mengi ya Kisikh hutumiwa na wanaume na wanawake bila tofauti. Kadi ikisema tu kwamba Gurpreet na Manpreet wanaoana, msomaji hawezi kujua nani ni nani kwa majina peke yake. Kinachotofautisha ni Singh, lenye maana ya simba, kwa mwanamume, na Kaur kwa mwanamke. Majina hayo yanahusishwa na Khalsa, jumuiya iliyoanzishwa na Guru Gobind Singh mwaka 1699. Siku hizi kadi nyingi huyaacha na kubakiza jina la ukoo. Mnamo Desemba 2023 viongozi wa dini waliokutana Takht Hazur Sahib, Nanded, India, waliikemea tabia hiyo. Kwa baadhi ya waumini kuna sababu ya ziada: jina la ukoo mara nyingi hufichua tabaka, na mafundisho ya Kisikh yanapinga tabaka.

Katika kadi za Kipunjabi, zinazoandikwa kwa hati ya Gurmukhi, chini huwa na orodha ya jamaa iitwayo Darshan Abhilashi, yaani wanaotamani kuwaona wageni. Orodha hiyo ni chanzo cha manung'uniko mengi kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa kuwa mjomba aliyesahauliwa hasahau. Inafaa wazee wa pande zote mbili waisome kabla haijachapwa.

Tarehe na mahali

Sikh Rehat Maryada, mwongozo wa maisha ya Kisikh, unakataa kutafuta siku njema kwa nyota. Siku yoyote inayozifaa familia zote mbili inakubalika, kwa hiyo tarehe hutegemea zaidi nafasi ya gurdwara. Kadi haiagizwi kabla gurdwara haijathibitisha. Kuhusu mahali, mnamo Oktoba 2023 Akal Takht ya Amritsar ilikataza kuipeleka Guru Granth Sahib kwenye fukwe na hoteli za mapumziko kwa ajili ya harusi.

Kila tukio huwa na karatasi yake ndani ya kadi: hina, Jaggo (usiku wa nyimbo na taa), Anand Karaj yenyewe, kisha tafrija ya jioni. Mgeni hupewa karatasi za matukio aliyoalikwa tu. Karatasi ya Anand Karaj hutaja kwanza saa ya Milni, ambapo jamaa wa pande mbili hukutana na kuvishana mashada ya maua. Kwa wageni wasio Wasikh ni vizuri kuongeza mstari wa kuwaomba wafunike kichwa, wavue viatu na wasiingie na tumbaku wala pombe.

Kadi ya gurdwara si tiketi. Ibada iko wazi kwa watu wote, na chakula cha langar ni bure kwa yeyote anayeingia, kama wajuavyo wasafiri wa barabara ya Nairobi hadi Mombasa wanaosimama gurdwara ya Makindu nchini Kenya. Kadi inayohesabiwa ni ile ya tafrija, na ndiyo inayohitaji namba ya simu ya kuthibitishia. Mtanzania aliyezoea kadi ya mchango atambue pia kwamba kadi hii haiombi fedha mapema. Zawadi, inayoitwa shagun, hutolewa siku yenyewe ndani ya bahasha, kwa desturi ikiishia na moja, kama 51 au 101.

Familia nyingi sasa huchapa kadi chache kwa wazee na jamaa wa karibu, na wengine hutumiwa picha au video kwa WhatsApp. Picha ya simu haikanyagwi wala haifungiwi vitafunio, na wapo wanaoiona kuwa njia rahisi ya kuibakiza Ik Onkar.