Basharat Hassan: Mtoto wa Nairobi Aliyedumu Nottinghamshire

Muulize kijana wa Babati ni mwana Afrika Mashariki gani aliyecheza Uingereza, atakutajia Mbwana Samatta na Aston Villa ya mwaka 2020. Ni haki yake Samatta. Lakini zaidi ya nusu karne kabla yake, mzaliwa wa Nairobi alishavaa jezi ya timu kubwa ya huko, akaivaa hadi mwaka 1985. Jina lake Basharat Hassan, na mchezo wake kriketi.

Kriketi ililetwa na Waingereza, ikagawanyika kwa rangi za watu. Kenya ilikuwa na mechi maarufu ya maofisa wa serikali dhidi ya walowezi, iliyoanza mwaka 1910. Waasia, makarani, mafundi na wafanyabiashara, walijenga klabu zao wenyewe, na Mwafrika aliachwa pembeni. Mchezo ukastawi Nairobi, Mombasa, Kampala na Dar es Salaam. Miji ya njiani kama Babati, kwenye barabara kuu ya Arusha na Dodoma, ilizoea maduka ya Waasia kuliko viwanja vyao.

Katika mazingira hayo ndipo Hassan alipozaliwa mwaka 1944. Ufundi alikuwa nao, ila hapa kwetu kriketi haikulisha mtu: ulicheza Jumapili, Jumatatu ukarudi kazini. Uingereza mambo yalikuwa tofauti. Huko timu za kaunti, yaani mikoa yao, zinashindana msimu mzima, enzi hizo kwa mechi za siku tatu, na mchezaji analipwa mshahara. Mwaka 1966 Hassan akaanza kuichezea kaunti ya Nottinghamshire.

Mashabiki walimwita Basher. Wapigaji wengi humwelekezea mrushaji bega. Hassan alisimama kifua wazi, karibu amtazame uso kwa uso. Mtindo huo haukufundishwa shuleni, lakini ulimpa zaidi ya mikimbio, yaani alama za mpigaji, 14,000 katika mechi za daraja la kwanza. Alisifika pia kwa kudaka, na mlinda wiketi, yule anayesimama nyuma ya mpigaji, akikosekana, yeye alivaa glavu. Mwaka 1968 akaja Garfield Sobers wa West Indies kuwa nahodha wa Nottinghamshire. Mwaka 1981, wakiwa na wachezaji nyota Clive Rice na Richard Hadlee, Nottinghamshire wakatwaa ubingwa wa kaunti waliokuwa hawajauonja tangu 1929. Hassan hakuwahi kuchezea timu ya taifa ya Uingereza, na kwa maoni yangu hilo halimpunguzii kitu. Kudumu misimu ishirini mahali ambapo mkataba unategemea mikimbio ya mwaka uliopita ni kazi ya mtu mzima.

Hakuwa peke yake. John Solanky, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliichezea Glamorgan ya Wales kuanzia 1972 hadi 1976. Derek Pringle na Dipak Patel walizaliwa Nairobi mwaka uleule, 1958; wa kwanza akawika Essex na Uingereza, wa pili Worcestershire kisha New Zealand.

Wakati huo nyumbani hali ilikuwaje? Mwaka 1975 Afrika Mashariki ilipeleka timu ya pamoja kwenye Kombe la Dunia la kwanza la kriketi ya wanaume, huko Uingereza, nahodha akiwa Harilal Shah. Walikuwemo Praful Mehta wa Tanzania, John Nagenda wa Uganda, na Don Pringle, babake Derek. Wote walikuwa wachezaji wa ridhaa. Walipoteza mechi zote tatu, dhidi ya New Zealand, India na Uingereza. Moja ya mechi hizo ilichezwa Leeds, si mbali sana na Nottingham, alikokuwa Hassan, mpigaji aliyezoea viwanja vile kuliko yeyote kati yao. Hakuwemo kikosini. Ndilo pengo linaloniuma zaidi katika historia hii: tulikuwa na vipaji, hatukuwa na njia ya kuviweka pamoja.

Karatasi za matokeo na picha za klabu za zamani bado zimo makabatini mwa familia, Arusha, Moshi, Dar es Salaam, pengine hata hapa Babati. Aliye nazo asizitupe. Azipeleke makumbusho au Nyaraka za Taifa, wazee wanaoweza kutaja majina ya waliomo pichani wakiwa bado hai.