Wahunzi wa Karagwe na Mafunzo Yao

Somo letu la leo ni la historia. Tutazungumza juu ya chuma, na juu ya jinsi kazi ya chuma ilivyofundishwa katika nchi ya Karagwe na kwa majirani zake.

Kwanza nitawaeleza habari zangu mwenyewe. Kabla ya kuingia katika kazi ya elimu, nilikuwa mwanagenzi katika kiwanda kimoja mjini Mwanza. Niliwekwa katika karakana ya zana. Karakana ya namna hiyo haitengenezi vitu vya kuuza. Hutengeneza vyombo ambavyo mafundi wengine watavitumia katika kazi zao.

Siku ya kwanza fundi mkuu alinipa kipande cha chuma na tupa. Akaniambia, "Kinyooshe pande zote sita." Kazi hiyo ilinichukua wiki tatu. Kila jioni aliweka rula ya chuma juu ya kipande changu, akakiinua mbele ya dirisha. Akiona mwanga unapita chini ya rula, alinirudishia bila neno. Nilidhani ananitesa. Baadaye nilifahamu kwamba alikuwa akiufundisha mkono wangu, maana mkono haufundishwi kwa maneno matupu.

Basi, mafunzo ya namna hiyo si mageni kwetu. Zamani kijana aliyetaka kuwa mhunzi alikaa na baba yake, au na mhunzi mwingine. Alianza kwa kuvukuta mivuba, yaani vyombo vya ngozi vya kupulizia moto. Alileta makaa. Alishika koleo. Alitazama rangi ya chuma motoni, akajifunza ni wakati gani chuma kiko tayari kupigwa. Nyundo aliipewa baadaye. Na mhunzi kamili aliweza kujitengenezea nyundo na koleo zake mwenyewe. Kibanda chake kilikuwa karakana ya zana ya kijiji kizima, kwa sababu jembe, shoka, mundu na mkuki vyote vilitoka humo.

Katika Karagwe kazi hii ilikuwa na heshima hata ikuluni. Makao ya wafalme yalikuwa Bweranyange. Masimulizi ya wazee yanasema kwamba Mfalme Ndagara, baba yake Rumanyika, alikuwa mhunzi hodari. Miongoni mwa vitu vitakatifu vya ufalme vilikuwamo nyundo, mikuki, na sanamu ndogo za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma, zenye pembe ndefu kama za ng'ombe wa nchi yetu.

Mwezi wa Novemba, 1861, Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika kwa Mfalme Rumanyika. Speke aliziona sanamu hizo. Lakini katika kitabu chake aliandika kwamba zilitengenezwa na Waarabu wa Kafuro ili kumfurahisha mfalme. Kafuro kilikuwa kituo cha wafanya biashara waliotoka pwani. Wataalamu waliochunguza mambo haya baadaye wanaona kwamba sanamu hizo ni kazi ya wahunzi wa hapa hapa. Angalieni jambo hili, ndugu zangu. Mgeni aliandika, wenyeji hawakuandika, na kwa miaka mingi neno la mgeni ndilo lililosomwa vitabuni.

Sasa twende upande wa Bukoba, kwa majirani zetu Wahaya. Huko Katuruka palikuwa na mti mkubwa ulioitwa Kaiija. Maana yake ni mahali pa kufulia chuma. Baada ya 1969 mtaalamu kutoka Marekani, Peter Schmidt, alisikiliza masimulizi ya wazee, kisha akachimba mahali pale. Chini ya ardhi alikuta mabaki ya kazi ya chuma ya kale sana, ya kiasi cha miaka 2,000 iliyopita. Maneno ya wazee yalikuwa ya kweli.

Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliombwa kutoa chuma katika mawe, kama walivyofanya ujanani mwao. Kazi hiyo ilikuwa imeachwa kwa muda wa miaka 50 hivi, kwa sababu majembe na vyuma vya kigeni vilipatikana dukani kwa bei nafuu. Wazee walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu. Walichimba shimo, wakachoma ndani yake majani ya bwawani. Waliingiza mirija ya udongo mpaka ndani ya tanuri, wakavukuta. Upepo ulipata joto ndani ya mirija kabla ya kufika motoni, na moto ukawa mkali mno.

Lakini majaribio ya kwanza hayakwenda sawa. Wazee walikumbuka nyimbo na mipango ya kazi, ila mikono ilikuwa imesahau. Walibadili hiki, wakajaribu kile, mpaka wakafaulu kupata chuma kizuri. Mwaka 1978 habari hizo zilichapishwa Marekani, na watu wa nchi nyingi walistaajabu kusikia ufundi huo wa Waafrika.

Fikirini kama wazee wale wangeulizwa miaka kumi baadaye. Huenda asingebaki hata mmoja aliyewahi kusimama kando ya tanuri. Ufundi uliodumu karne nyingi ungekwisha kwa sababu kizazi kimoja tu hakikufundishwa. Vijana walikwenda kwenye kazi nyingine, basi.

Ninyi mnajifunza kusoma na kuandika. Kalamu haiwezi kumfundisha mtu kufua jembe. Kazi hiyo inataka mwalimu na mkono. Lakini kalamu yaweza kuandika nani alifanya kazi, wapi, na kwa namna gani, ili mgeni asiiseme kuwa ni ya mwingine.

Kwa hiyo kazi ya juma hili ni hii. Mtafute mzee anayejua kazi moja: kufua chuma, kusuka vikapu, kuchonga mitumbwi, au kutengeneza pombe ya ndizi. Kaa naye. Mwombe ruhusa ushike zana yake. Kisha andika mistari kumi.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Kwa nini kijana alianza kwa mivuba, wala si kwa nyundo?
2. Speke alisema nini juu ya sanamu za ng'ombe, na wataalamu wanasemaje sasa?
3. Kwa nini majaribio ya kwanza ya wazee hayakwenda sawa?

Kwaherini mpaka juma lijalo.