Yafahamu mabomba ya nyumba yako kabla hayajakutia hasara

WAKAZI wengi wa Dar es Salaam hulikumbuka bomba la nyumbani siku linapokauka, au usiku wa manane linapopasuka. Mwandishi wa makala haya ni miongoni mwao. Mpira unaopeleka maji kwenye tangi la choo ulikatika saa nane za usiku, nasi tukakimbilia mita iliyoko nje na kuifunga koki yake. Maji hayakukoma, kwa kuwa hayakuwa yakitoka mtaani bali kwenye tangi la juu, na hakuna aliyejua koki ya tangi hilo ilipo.

Nyumba yenye tangi ina milango miwili ya maji. Wa kwanza ni koki kuu iliyo karibu na mita, ambayo huzuia maji ya mtaani. Wa pili ni koki iliyo chini ya tangi, ambayo huzuia maji yaliyokwisha kuingia nyumbani. Tangi la lita 1,000 lisilofungwa litamwaga zote sakafuni. Ni vyema kila mtu mzima wa nyumba aoneshwe koki hizo mbili, nazo zifungwe na kufunguliwa mara moja moja zisigande kwa kutu.

Presha ya maji yatokayo tangini hutegemea kimo. Kila mita 10 za kimo hutoa takriban baa moja. Kwa hiyo tangi lililo mita tatu juu ya bomba la kuogea hutoa baa 0.3 tu. Wengi hubadilisha bomba la kuogea kwa gharama kubwa ilhali dawa ni kuinua tangi, kutumia mabomba mapana au kupunguza kona.

Jambo linalopuuzwa zaidi, nalo ndilo la hatari, ni kile kinachotokea maji yanapokatika. Oktoba 2022, mgawo ulipotangazwa jijini baada ya kina cha Mto Ruvu kushuka, wengi walifikiria ndoo na foleni tu. Lakini bomba lisilo na presha huweza kunyonya. Palipo na ufa, maji machafu ya mtaroni huingia. Na mpira uliotumbukizwa kwenye beseni la kufulia huweza kurudisha povu lote bombani. Pampu iliyounganishwa moja kwa moja na bomba la mtaani huzidisha balaa hilo, kwani huvuta uchafu na kumletea hata jirani asiye na pampu. Pampu ivute maji kutoka kwenye tangi la chini, si mtaani.

Aidha, maji yanaporejea, yale ya mwanzo yasiachwe kuingia tangini. Yafunguliwe kwenye bomba la nje hadi yawe meupe. Mdomo wa bomba la kujazia tangi, palipofungwa boya, uwe juu ya usawa wa maji; ukizama, maji ya tangi yanaweza kurudi mtaani.

Kuhusu uvujaji, mita yenyewe ni shahidi mzuri. Tangi likishajaa, usiku soma mita, asitumie mtu maji, kisha isome tena alfajiri. Ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja kati ya mita na tangi, au boya halifungi. Choo nacho huvuja kimyakimya. Tia rangi ya chakula kwenye tangi lake na usubiri nusu saa bila kuvuta maji. Rangi ikionekana bakulini, kipira cha ndani kimechakaa. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza takriban lita 20 kwa siku, na mara nyingi tatizo ni washa ya bei ndogo.

Upande wa maji taka, bomba lililopinda chini ya sinki halikupindwa kwa urembo. Maji yanayobaki ndani yake huzuia harufu na mende. Ndiyo maana bafu la wageni lisilotumika hunuka: maji hayo yamekauka, na jagi moja la maji latosha. Mafuta ya kukaangia yasimwagwe sinkini, kwani huganda. Vifuniko vya chemba navyo visifunikwe kwa saruji au vigae, kosa lililoenea mno mjini. Siku ya kuziba, fundi hulazimika kuvunja ua mzima.

Tangi lisafishwe angalau mara moja kwa mwaka. Baada ya kuondoa tope na kusugua, lijazwe maji na kutiwa lita moja ya dawa ya klorini ya asilimia 5 kwa kila lita 1,000. Koki zote zifunguliwe hadi harufu ya klorini isikike, kisha zifungwe kwa saa 24. Maji hayo yasitumike. Yamwagwe yote, na tangi lisuuzwe kabla ya kujazwa upya. Maji ya kunywa yaendelee kuchemshwa kama kawaida.