Kutoka Utepe Hadi Diski: Historia ya Kunasa Picha za Televisheni

Somo hili ni lenu nyote mlioko Tengeru, Akheri, Poli, Nkoaranga na Usa River, mliokusanyika na kiongozi wenu wa kikundi mkiwa na karatasi hii mkononi. Maneno yaliyomo ni yale yale yaliyosemwa redioni. Yamepigwa chapa ili aliyekosa kusikia apate kusoma, na aliyesikia apate kurudia.

Neno hilo, kurudia, ndilo somo letu la leo.

Hebu tuanze na mfano. Ni Jumamosi. Mama mmoja ameshinda soko la Tengeru akiuza ndizi. Jioni amerudi, amemkatia ng'ombe majani, ameinjika chungu. Saa mbili usiku taarifa ya habari yaanza katika televisheni, na baada yake kipindi juu ya ugonjwa wa migomba. Mama yuko zizini akikamua. Anaporudi ndani, watoto wamwambia, "Mama, wamekwisha eleza." Kipindi kimepita, na migomba yake bado inanyauka.

Jirani yake pia alikuwa zizini. Lakini king'amuzi chake kina diski ndani, nacho kilikinasa kipindi kile chenyewe. Saa nne usiku, kazi zikiisha, jirani akaketi, akabonyeza rimoti, akaona yote tangu mwanzo. Picha ilikuwa safi kama ilivyorushwa.

Je, uwezo huo ulitoka wapi? Na je, kilichonaswa ni mali ya nani? Haya ndiyo maswali mawili ya somo letu.

1. ZAMANI MANENO YALIPITA

Redio yetu ya Tanganyika ilianza Dar es Salaam mwaka 1951. Siku hizo chombo cha kunasa sauti kilikuwa mali ya kituo cha redio au cha kampuni. Msikilizaji hakuwa nacho. Aliyesikia alisikia, na aliyekuwa shambani alikosa.

Mwaka huo huo wa 1951, mwezi wa Novemba, Wameru walihamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki na Leguruki ili ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York, akaeleza shauri la watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa. Habari hizi twazijua vema kwa kuwa ziliandikwa. Kirilo mwenyewe, pamoja na wakili Earle Seaton, walitoa kitabu juu ya kesi hiyo mwaka 1967. Lakini siku zile nyumba zilipobomolewa, hakuna mkulima aliyekuwa na chombo cha kunasa picha wala sauti. Wazee waliziweka habari vichwani mwao. Nanyi mwajua kwamba mzee akifa, huondoka na alichokiweka.

Waswahili husema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbukumbu nayo ni mali.

2. MASHINE KUBWA YA MWAKA 1956

Televisheni ilipoanza huko Ulaya na Marekani, vipindi vingi vilirushwa papo hapo, vikaisha. Mwezi wa Aprili 1956, mjini Chicago, kampuni ya Ampex ilionyesha mashine ya kunasa picha za televisheni juu ya utepe wa sumaku. Utepe wake ulikuwa na upana wa inchi mbili, na bei yake ilikuwa karibu dola 50,000. Ni vituo vya televisheni tu vilivyoweza kuinunua.

Kwa kuwa utepe ulikuwa ghali, vituo vingi vilizoea kufuta kipindi cha zamani na kunasa kipya juu yake. Hata mambo makubwa yalipotea hivyo. Mwezi wa Julai 1969 Wamarekani walifika mwezini, na mamia ya mamilioni ya watu waliwatazama. Baadaye shirika la NASA lilizitafuta tepu za kwanza zenye picha bora za safari ile. Mwaka 2009 lilieleza kwamba yaelekea zilikwisha futwa na kutumiwa tena kwa kazi nyingine. Zilizobaki ni nakala zilizotunzwa na vituo vya televisheni.

Hapa twajifunza jambo la kwanza: kunasa siyo kutunza. Aliyenasa akikosa kutunza, ni sawa na aliyevuna akaacha mahindi yaliwe na panya.

3. KANDA ZAFIKA NYUMBANI

Mwaka 1975 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa mashine ya mkanda ya nyumbani, Betamax. Mwaka 1976 kampuni ya JVC ikatoa ya kwake, VHS, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi. Kwa mara ya kwanza, mtu wa kawaida aliweza kunasa kipindi na kukitazama saa nyingine.

Wenye filamu hawakupenda. Huko Marekani walimshtaki Sony wakisema mashine yake ni chombo cha wizi. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya nchi ile, na mwaka 1984 majaji watano kati ya tisa walisema kwamba kunasa kipindi ili kukitazama nyumbani baadaye siyo kosa. Tazameni jinsi jambo lilivyokuwa karibu: jaji mmoja tu angegeuka, historia ingefuata njia nyingine.

Katika mji wa Philadelphia alikuwako bibi mmoja, Marion Stokes, aliyewahi kufanya kazi katika maktaba. Tangu mwaka 1979 alinasa habari za televisheni usiku na mchana, bila kukoma, hadi alipofariki Desemba 2012. Aliacha kanda kama 70,000. Leo kanda zake ni hazina, maana mna vipindi ambavyo pengine havipatikani tena. Hakutumwa na serikali wala kampuni. Aliona tu kwamba maneno yanapita, akaamua yasipite.

4. MAMBO YALIVYOKUWA KWETU

Kenya ilipata televisheni mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena ya rangi, kabla ya Afrika Kusini iliyoanza rasmi mwaka 1976. Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza. Kwa miaka mingi redio ndiyo iliyokuwa shule yetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu kama milioni mbili katika vikundi kama hivi vyenu, wakisikiliza, wakisoma na kujadiliana.

Kwa hiyo sisi tulijifunza kunasa kwa masikio kwanza. Wengi mwaikumbuka redio kaseti: ulingoja wimbo wako, kisha ukabonyeza vitufe viwili pamoja, ukawaambia watoto wanyamaze. Nazo bendi zetu nyingi zilinasiwa nyimbo zao katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam. Bila tepu zile, nyingi zingekuwa zimesahauliwa.

Kisha ikaja zamu ya mitambo ya kidijiti, yaani mitambo ipelekayo picha na sauti kwa tarakimu. Dar es Salaam ilizima mitambo ya zamani tarehe 31 Desemba 2012, na Arusha ikafuata mwaka 2013. Tangu hapo, anayetumia televisheni ya zamani hapa Tengeru amehitaji king'amuzi. Chombo hicho, alichokinunua mtu ili apate kuona, ndicho pia kiwezacho kunasa.

5. DISKI NA PICHA SAFI

Mashine za kwanza za nyumbani za kunasa televisheni juu ya diski ziliuzwa Marekani mwaka 1999. Majina yake yalikuwa TiVo na ReplayTV. Katika Afrika, kampuni ya MultiChoice ya Afrika Kusini ilitoa king'amuzi chenye diski mwaka 2005, na mwaka 2008 ikatoa kinasacho picha safi, zile tuziitazo HD.

Neno HD maana yake nini? Picha ya televisheni ni nukta nyingi zilizopangwa kwa mistari, kama mahindi shambani. Chukueni kalamu tufanye hesabu. Picha ya kawaida ya kidijiti ina nukta 720 kwa upana na 576 kwa kimo. Zidisha, utapata 414,720. Picha ya HD kamili ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Zidisha, utapata 2,073,600. Gawanya hesabu ya pili kwa ya kwanza, utapata 5. Basi HD ina nukta mara tano. Ndiyo sababu doa dogo juu ya jani la mgomba, ambalo zamani lilikuwa kivuli tu, sasa laonekana dhahiri.

Mkanda wa VHS haukuweza kuchukua picha kama hiyo. Tena kila ulipounakili, nakala ilififia, kama barua inayonakiliwa kwa mkono, kisha nakala ikanakiliwa na mtu mwingine. Diski haifanyi hivyo. Picha hufika kwenye king'amuzi ikiwa tarakimu, nacho huziandika tarakimu zile zile. Saba hubaki saba. Nakala ya mia ni sawa na ya kwanza.

Diski pia huandika na kusoma kwa wakati mmoja. Kwa hiyo waweza kusimamisha kipindi kinachorushwa, ukaenda kumfungulia mgeni mlango, kisha ukaendelea pale ulipoachia. Saa moja ya HD huweza kuchukua gigabaiti tatu au nne hivi. Diski ya gigabaiti 500 basi hushika saa mia moja na zaidi. Ikijaa, lazima ufute cha zamani ili upate nafasi.

6. KIHENGE NA UFUNGUO WAKE

Sasa twafika kwenye swali la pili. Kilichonaswa ni mali ya nani?

Tulisema nakala ya diski ni sawa na ya kwanza. Uzuri huo ndio uliowatia hofu wenye vipindi. Nakala ya mkanda ilififia, kwa hiyo haikuwatisha sana. Nakala isiyofifia yaweza kuuzwa sokoni kama kitu chenyewe. Ndipo wakaweka kufuli. Ving'amuzi vingi hunasa kipindi kwa maandishi ya siri, ambayo king'amuzi kile tu ndicho kiwezacho kuyasoma. Hata kama umenasa juu ya diski ya nje kwa tundu la USB, ukiipeleka kwa jirani huenda isifunguke. King'amuzi kikiharibika, akiba yote yaweza kupotea pamoja nacho. Na kwa vingine, usipolipa ada ya mwezi, hata ulichokinasa zamani hakifunguki.

Ni kama kuwa na kihenge uani kwako, chenye mahindi uliyoyavuna, lakini ufunguo uko kwa mtu mwingine.

Siwaambii kwamba kufuli hiyo ni dhuluma. Aliyetengeneza kipindi ametoa jasho, naye apaswa kula. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 yamlinda. Kunasa kipindi ukitazame na watoto wako ni jambo moja. Kukinakili ukauza, au kukionyesha kibandani kwa kiingilio, ni jambo lingine, na lahitaji ruhusa. Nasema tu kwamba mjue hali ilivyo, msije mkaamini kuwa mmeweka akiba ya kudumu, kumbe mmekopeshwa.

7. TUFANYE NINI?

Kwanza, kitumieni chombo hicho kwa kazi inayokifaa: kuyafanya masaa ya televisheni yafuate masaa ya mkulima. Kama mna king'amuzi chenye kunasa, mmoja wenu akipange tangu asubuhi kinase vipindi vya kilimo na afya, na kikundi kitazame pamoja jioni.

Pili, jambo la maana lililomo katika kipindi liandikeni daftarini, pamoja na tarehe. Daftari halina kufuli.

Tatu, na hili ndilo kubwa, naseni yaliyo yenu wenyewe. Simu nyingi za siku hizi hupiga picha za HD. Mwaka 1951 Wameru hawakuwa na chombo. Ninyi mnacho mfukoni. Mzee aliyekuwa mtoto Engare Nanyuki mwaka ule sasa amepita miaka sabini. Mwombeni ruhusa, mketisheni kivulini, aeleze. Kisha wekeni nakala mahali pawili, nyumba mbili mbalimbali, na andikeni jina la msimulizi, mahali na siku. Picha hiyo haitafungwa kwa ada ya mtu.

Akiba haiozi, lakini ni ile ambayo ufunguo wake unao.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini tepu za kwanza za safari ya mwezini zilipotea?
2. Nakala ya diski yatofautianaje na nakala ya mkanda?
3. Kama saa moja ya HD huchukua gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 500 yashika saa ngapi?
4. Katika kijiji chenu, ni nani ambaye habari zake hazijanaswa? Nani kati yenu atakwenda kwake, na lini?

Swali la nne msilijibu kwa mdomo tu. Kwaherini, ndugu wanafunzi.